Njia ya Masika Uliyonikataza

Dada yangu Koleta,

Shikamoo. Naandika mahali ambapo yeyote anaweza kusoma, na najua hutapenda. Wewe si mtu wa kutoa ya ndani nje. Lakini jambo lile ulilibeba mbele ya watu, mkutanoni, wakati mimi nimekaa nyuma nimeinamisha kichwa. Nikikuomba radhi kwa siri nitakuwa nimejificha mara ya pili. Kwa hiyo nivumilie.

Wiki chache zilizopita vijana wanaotembeza wageni kwa baiskeli hapa Morogoro walinialika niwafundishe namna ya kuchagua njia wakati wa mvua. Siku hizi mimi ndiye mzee wao. Tulikaa Mafiga, kwenye banda wanalotengenezea baiskeli zao, nikawaambia wakipanda mlimani wakati wa masika wasihangaike na ramani, watazame udongo. Ule mwekundu unaonata wauache, maana utajaa kwenye breki, gurudumu litagoma kuzunguka, na wataibeba baiskeli badala ya baiskeli kuwabeba wao. Watafute changarawe, hasa ile yenye punje nyeupe, kwa sababu maji hayakai juu yake. Wafuate mgongo wa mlima, bonde waliache kwa mto. Chini ya miti mikubwa wawe na hadhari, kivuli huchelewesha njia kukauka na mzizi uliolowa huteleza kama kambare. Na watazame nyayo za waliotangulia. Unyayo uliojaa maji unakuambia rudi. Unyayo wenye kingo kali, usioshika maji, unakuambia pita.

Waliandika kila neno. Kisha binti mmoja, ndiye mwanamke pekee kati yao, akauliza, "Mzee Deo, haya yote ulijifunza wapi?"

"Uzoefu tu, mwanangu," nikajibu. "Miaka mingi."

Hilo ndilo jibu langu la siku zote. Nimewapa wageni, nimewapa waandishi, nimewapa watoto wangu. Safari hii lilipotoka mdomoni nilishindwa kumtazama yule binti usoni. 

Dada, haukuwa uzoefu. Nilijifunza nikiwa nyuma yako.

Bila shaka unakumbuka nilivyorudi kijijini. Kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi mjini kilikuwa kimepunguza watu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya mjini yamejaa sabuni na redio na vitenge, vitu ambavyo zamani tulivipangia foleni tangu alfajiri, na sisi wenye mishahara ya kuvinunua ndio tukaambiwa kazi hakuna. Nilipanda mlima na sanduku langu la bati, viatu vya kiwandani miguuni, mvua ikinipiga. Nilianguka mara mbili kabla sijafika. Ulinikuta uani nimetapakaa tope hadi masikioni, na hukuniuliza habari za kazi.

"Umepita njia ya udongo," ulisema. "Nani alikutuma?"

Ukacheka, ukanichotea maji ya moto. Mpaka leo sijui kama ulijua tayari kwamba nimeachishwa, au uliliona sanduku ukaelewa.

Wiki ileile ukanipa tenga la kabichi. Nilikuwa mwanamume mzima niliyezoea ovaroli na king'ora cha zamu, na sasa nateremka kwenda sokoni katika msafara wa kina mama, mzigo begani. Niliona haya. Nilikuomba tuondoke mapema zaidi ili tusikutane na watu wanaonifahamu. Wewe ulikubali, ukaniamsha mapema kila siku ya soko, na hukuwahi kuniambia kwamba unajua sababu.

Humo njiani ndimo ulimonifundisha. Wewe ulikuwa pekupeku na mimi nimevaa viatu, na kila nilipoteleza ulisimama, tenga limetulia kichwani juu ya ngata, ukageuza macho tu.

"Weka kisigino. Zungusha kidogo. Kikizama, rudi. Kikigoma, pita."

"Na hapa? Panang'aa."

"Kung'aa si kuteleza. Jiwe likilowa linang'aa tu. Liogope likishapata utando wa kijani. Hili linao? Halina. Haya, twende."

Ulijua njia gani hukauka saa mbili baada ya mvua na ipi hubaki na tope wiki nzima. Ulijua kwamba njia iliyoinama kidogo kuelekea bondeni ni salama kuliko iliyo bapa, kwa sababu maji yanaivuka na kwenda zake, hayageuki kuteremka nayo. Niliona ni mambo ya kawaida ya wanawake wa mlimani. Sikujua kwamba ni elimu, hadi nilipopata mtu wa kuilipia.

Na iliyozishinda zote ilikuwa ile njia ya mgongoni mwa mlima, mliyoiita njia ya kina mama. Kila mwaka kabla ya masika mlikwenda na majembe, wanawake kumi na mmoja, mkachimba vifereji vya kuvusha maji na kuvipangia mawe, mkashindilia kwa miguu. Mama Anzelma alitangulia daima, kwa kuwa hatua yake ilikuwa ya uhakika kuliko zote. Wewe ulimfuata. Mlizungumza njia nzima bila kugeuka, yeye akisema mbele na wewe ukijibu nyuma, na mara nyingine mlicheka hadi ikabidi msimame mshike matenga. Mama yetu alipofariki, huyo ndiye aliyekaa na wewe.

Kisha akaja Bwana Sefu. Alikuwa muuza mitumba pale mjini, na katika mzigo mmoja akaletewa baiskeli za mlimani, zenye gia nyingi na matairi ya meno. Akaona kuna wageni: walimu wa kujitolea, watafiti, watu wanaokwenda mbugani ambao wanalala Morogoro usiku mmoja na hawana la kufanya. Alinikuta sokoni nimekaa juu ya tenga tupu, tukazungumza. Aliposikia natoka mlimani na najua kuendesha, akauliza, "Njia za masika unazijua?"

"Nazijua," nikasema.

Nilikuja kwako siku hiyohiyo na habari kwamba nimepata kazi ya kuwaongoza wageni wake. Ulifurahi kuliko mimi. Uliacha palizi siku tatu, mvua hazijaanza, tukazunguka mlima mzima kwa miguu. Ulinionyesha barabara ya zamani ya misheni iliyotandazwa mawe. Ulinionyesha njia ya kwenye misonobari, ukaniambia majani yake makavu ni kama mkeka, tope halipenyi kuja juu. Ulinionyesha ile ya mchanga kando ya mto, ukanionya nisiipite kama mvua imenyesha huko juu, hata kama huku chini jua linawaka.

Siku ya tatu tukatokea mwanzo wa njia ya mgongoni, ukasimama.

"Hii usiwalete."

"Lakini hii ndiyo nzuri kuliko zote, dada."

"Ni nzuri kwa sababu ni miguu mitupu inayoipita. Miguu inaishindilia. Matairi yataikata. Hii ni yetu, Deo, hatuna nyingine ya kuteremkia na mzigo mvua ikinyesha."

"Sitawaleta."

"Sema tena."

"Sitawaleta, dada."

Niliposema hivyo sikuwa nadanganya. Nataka ulijue hilo, ingawa halinisaidii.

Ilikuwa katikati ya masika. Mto umefurika, miti imeanguka kwenye njia ya misonobari, na barabara ya misheni ilikuwa imekatika kwenye kijito. Wageni wanne walikuwa wamesimama na kofia zao kichwani, na Bwana Sefu alinivuta pembeni.

"Ukiwarudisha leo, kesho watakwenda kwingine. Na mimi sina cha kukufanyia. Mlima mzima huu, Deo, njia moja huna?"

Nikasema, "Ipo moja."

Sitasema kwamba nilipita kwa majonzi. Ningekuwa mwongo. Mvua ilikuwa rasharasha, changarawe ikilia chini ya matairi, ukungu umefunga bonde upande mmoja na mwingine, na baiskeli zinateremka bila kuteleza hata mara moja. Wageni walikuwa wakipiga vigelegele. Kati yao alikuwamo mwalimu mmoja mzungu aliyekuwa akifundisha Gairo, anazungumza Kiswahili kizuri. Tulipofika chini, akavua kofia na kuniuliza, "Njia hii ni ya ajabu. Nani aliigundua?"

"Mimi," nikasema.

Baada ya hapo sikuitafuta njia nyingine. Miti iliyoanguka iliondolewa, mto ulipungua, na mimi bado niliwapitisha mgongoni, kwa sababu waliokuja waliambiwa na wenzao waliotangulia. Nilichagua siku zisizo za soko. Nilijiambia kwamba, kwa kuwa hamtuoni, hatuwadhuru.

Siku moja nikakosea siku. Au labda ninyi mlibadilisha. Tulikuwa tukiteremka, nikapiga kengele kwenye kona, na hapo mbele ukawapo msafara wenu. Mlipanda kingoni, kwenye majani yaliyolowa, na matenga yenu kichwani. Niliwaona wote kwa mara moja. Mama Anzelma, wenzake, na wewe. Ulisema, si kwa sauti kubwa, "Deo."

Yule mwalimu wa Gairo, aliyekuwa amerudi na rafiki zake, alifunga breki nyuma yangu. "Anakufahamu?" akauliza. "Ni nani?"

"Mama mmoja tu wa kijijini," nikasema, kwa Kiswahili, umesimama hatua tatu kutoka kwangu.

Nikakanyaga pedali. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha. Mengine nilikuwa nayo sababu, hata kama ni mbovu. Lile halikuwa na sababu yoyote isipokuwa tope lililokuwa miguuni mwako.

Jioni ulinipakulia kama kawaida. Ukangoja nimalize kula.

"Matairi yanapita mgongoni, Deo."

Na mimi, niliyekuwa nimekupita asubuhi kwa kengele, nikasema, "Leo tu, dada. Hizo alama nyingine labda ni za kampuni nyingine."

Hapakuwa na kampuni nyingine Morogoro nzima. Ulinitazama kidogo, ukasema, "Haya," ukachukua sahani.

Sasa nawaeleza vijana jinsi njia inavyokufa, na wananiona mtaalamu. Mtu asiyezoea, akiteremka, anabana breki hadi gurudumu la nyuma linasimama na kuburuta. Linachora mfuo. Mvua inayofuata inaukuta mfuo na kuufuata, kwa sababu maji ni mvivu. Mawe ya kwenye vifereji yanasukumwa pembeni, maji hayavuki tena, yanateremka. Mwezi mmoja baadaye mfuo umekuwa korongo. Nilikuwa nikiyaona mawe yamerudishwa mahali pake na kushindiliwa upya, nikadhani kina mama wote wanatengeneza. Baadaye sana niliambiwa kwamba ulikuwa ukienda peke yako na jembe, mchana wenzako wakiwa mashambani, ili uizibe mifuo kabla hawajaona.

Lakini ukingo ulibomoka. Mama Anzelma alikuwa mbele kama siku zote, akaweka mguu mahali alipouweka miaka yote, na mahali hapakuwapo. Mguu ulivunjika chini ya goti. Walimteremsha kwa machela hadi hospitali, na watu waliokutana na machela ile wanasema wewe ulikuwa umeshika upande wa kichwa, na hukukubali kupokewa.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Nilikaa nyuma kabisa, kwenye ngazi ya darasa. Mwenyekiti alisema maneno machache.

"Wageni hawaijui njia ile. Yuko mtu wetu aliyewaonyesha. Asimame aseme."

Niliangalia viatu vyangu. Nilifikiri nikisimama kijiji kitakwenda kwa Bwana Sefu, na Bwana Sefu atamtafuta mwingine, na mimi nitarudi kwenye tenga. Hayo tu ndiyo niliyofikiri. Sikumfikiria mama aliyelala na mguu uliofungwa. Nilifikiria tenga.

Ndipo nikasikia sauti yako.

"Ni mimi, mwenyekiti. Walinikuta njiani wakauliza, nikawaonyesha. Sikufikiri mbele."

"Wewe, Koleta?" akauliza mtu.

"Ni mimi."

Nilikuwa na muda wa kutosha kusimama. Nimeupima muda ule mara nyingi. Mwenyekiti alikohoa, katibu akatafuta kalamu, mtoto mmoja alilia akanyonyeshwa akanyamaza. Sikusimama.

Tulirudi nyumbani, wewe mbele. Nilipokuuliza kwa nini, hukugeuka.

"Mama alituacha wawili. Wewe una kazi, na kazi siku hizi haipatikani. Ila usiwapitishe tena pale."

Sikuwapitisha. Hapakuwa na njia tena ya kupita.

Wenzako hawakukutukana. Ingekuwa nafuu kama wangekutukana. Siku ya soko iliyofuata ulitoka na tenga lako ukakuta wameshakwenda, na iliyofuata vilevile, ukaelewa. Ulianza kuteremka peke yako kwa barabara ya misheni, mzunguko mrefu, ukafika soko limepoa. Nilikuwa nikikupita huko na wageni. Nilikuwa nikikusalimia, hilo nilijitahidi. Mimi nilijua kumaliza jambo lile ni neno moja tu, na kila siku nilijiambia nitalisema msimu ukiisha.

Kabla ya vuli ukaenda Dakawa. Binamu yetu alikuwa amekuambia kuna majaruba ya mpunga yanayohitaji watu. Siku uliyoondoka na binti zako wawili mimi nilikuwa kwenye misonobari na wageni, na sikuwa nimelazimika kwenda siku hiyo. Niliporudi nyumba ilikuwa imefagiwa. Njegere zako zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kutambaa kwenye vijiti. Nilizivuna mimi.

Na nikabaki. Wewe unajua, ila wanaosoma pengine hawajui, kwamba kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Shamba lile lilikuwa lako na la binti zako. Watoto wangu ni wa ukoo wa mama yao. Nilikuwa mtu wa kulitunza tu hadi urudi, nami nikahakikisha huna la kukurudisha. Nikajenga vyumba viwili vya wageni pale ulipokuwa ukianika maharage. Wanaamka asubuhi, wanapiga picha ukungu, wananiambia nina bahati.

Tumekutana misibani. Alipofariki mjomba ulikaa na kina mama, nami na wanaume, na wakati wa kuagana uliniuliza kama magoti yangu bado yanauma. Nikasema yanauma kidogo. Ukasema nipake mafuta ya nazi ya moto. Nilisimama pale nimelishika lile neno moja mdomoni, na gari lenu likaondoka.

Basi, baada ya swali la yule binti, Jumapili iliyofuata nilipanda kwa miguu hadi kwa Mama Anzelma. Ni mzee sana sasa. Kati ya wale kumi na mmoja wamebaki wanne. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage, mguu ule ameunyoosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Nikamweleza yote. Niliandaa maneno njia nzima, nayo yakatoka hovyo. Hakuacha kupukuchua.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua lini?"

"Wenzangu palepale mkutanoni, mimi waliponisimulia. Koleta awaonyeshe watu njia, yeye aliyekuwa akitutoa mashambani kuitengeneza? Na si wewe tuliyekuona ukitupita na wageni kwa kengele, Deo? Sisi si watoto."

"Mbona hamkusema?"

"Yeye alisema ni yeye. Ulitaka tumwite mwongo mbele ya mwenyekiti?"

"Basi kwa nini mlimwacha nyuma?"

Hapo akaacha kupukuchua. Alizipepeta zile punje kidogo mkononi.

"Alikuja kuniona na uji. Tulikuwa wawili tu ndani. Nikamwambia, Koleta, hapa hakuna mkutano, niambie mimi. Akasema, ni mimi, mama. Nikamuuliza tena. Akasema tena. Mguu haukuniuma kama hilo. Miaka yote ile namsikia nyuma yangu, halafu ananifanya mtu wa nje kwa ajili yako. Nikawaambia wenzangu waondoke mapema." Akaushika mguu ule. "Nilimkosea. Hasira iliisha zamani, lakini alikuwa ameshakwenda, na mimi mguu huu haunifikishi mbali."

Dada, miaka hii yote nilidhani nimekunyang'anya jina jema, nikajifariji kwamba jina jema la mtu hurudi. Sikujua kwamba ili kunificha mimi ilibidi umwangalie rafiki yako machoni, mko wawili tu, na kumdanganya mara mbili. Sikujua kwamba hilo ndilo lililokutoa mlimani. Wewe ulijua, na ukaniuliza habari za magoti.

Nilipotoka kwake nilikwenda kuitafuta njia. Nilikuwa na wazo la kuitengeneza, mimi na wale vijana, nichimbe kila kifereji kwa mikono yangu. Hakuna cha kutengeneza. Korongo limeota magugu na miti, na mizigo siku hizi inashuka kwa bodaboda upande wa pili, ambako barabara ilichongwa. Hakuna mama anayeihitaji tena. Nilisimama pale na kazi yangu nzuri ya kujisafishia, na hakuna aliyekuwa akiitaka.

Nimefanya machache yaliyowezekana. Niliwaita wazee wa ukoo, nikawaeleza mbele ya wanawake na watoto ni nani aliyewaonyesha wageni njia, na ni nani aliyesema uongo na kwa sababu gani. Shamba na vile vyumba viwili vimerudi kwa binti zako. Wazee wameandika na wameshuhudia. Mke wangu hakulia wala kugomba. Aliniambia, "Ungesema mapema, tungekuwa tumeshahama zamani." Tumehamia Mafiga. Nilirudi pia kwa wale vijana, nikamtafuta yule binti, nikamwambia nilimjibu vibaya, aliyenifundisha ni dada yangu.

"Alikuwa anaendesha baiskeli?" akauliza.

"Hajawahi kupanda hata moja."

Akafungua daftari lake na kuniomba nimtajie jina lako, herufi kwa herufi.

Sikuandikii haya ili uniambie yamekwisha. Najua ungeniambia, ungeniambia haraka, ili nisiaibike, na ndiyo maana sitaki uharakishe. Uliniwahi kusimama mara moja. Mara hii niache nisimame hadi nichoke.

Mpunga ukishavunwa nitakuja Dakawa, na siji peke yangu. Mama Anzelma anakuja. Nilimwambia safari ni ndefu kwa mguu wake, akanijibu kwamba mguu ni wake. Nimetafuta gari lenye kiti cha mbele ili aunyooshe. Nitamfikisha hadi mlangoni kwako, nitakusalimia, halafu nitarudi barabarani ningoje. Yeye ana maneno yake na wewe una yako, na mimi nimeshakaa katikati yenu vya kutosha. Mkimaliza, ukitaka niingie, mtume mjukuu aniite. Usipotaka, nitamrudisha mama nyumbani salama, wala sitauliza mlizungumza nini.

Mungu akulinde hadi siku hiyo, dada.

Mdogo wako wa tumbo moja,

Deo